Kiungo cha mwelekeo mmoja kilinde mitambo yetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wasimamizi wa mitambo ya umeme na maji watumie kiungo cha Etheneti (mtandao wa kawaida wa kompyuta) cha mwelekeo mmoja, yaani kinachoruhusu data kutoka mtamboni tu bila chochote kuingia. Desemba 2015 wavamizi wa mtandao waliingia katika mifumo ya kampuni za kusambaza umeme nchini Ukraine, wakazima vituo vya kupoza umeme kutoka mbali na kuwaacha wateja wapatao 225,000 gizani.

Ukuta wa moto, yaani kizuizi kinachochuja data inayoingia na kutoka katika mtandao, hutegemea programu, na programu huwa na kasoro. Lakini katika mkongo wa nyuzi mbili za kupitisha mwanga, mmoja wa kupeleka data na mwingine wa kurudisha, uzi wa kurudisha ukiondolewa kabisa, takwimu zitaendelea kutoka mtamboni ilhali hakuna amri itakayopita humo kuingia.

Mafundi wengi hukwama kwa sababu kigeuzi (kifaa kinachobadili ishara za umeme kuwa mwanga na mwanga kuwa umeme) cha upande wa kupeleka, kisipoona mwanga katika tundu lake la kupokea, huhesabu kwamba kiungo kimekatika na huacha kutuma. Dawa yake ni kigeuzi cha tatu, kilichowekwa upande ule ule wa mtambo, kinachomulika tundu hilo bila kubeba data yoyote. Itumike UDP, njia ya kutuma data bila kungoja jibu, kwa kuwa TCP, njia nyingine ya kutuma, hudai majibu; anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kifaa) ya mpokeaji iandikwe kwa mkono, kwani ARP, utaratibu wa kuitafuta anwani hiyo mtandaoni, nayo husubiri jibu; na kila faili litumwe zaidi ya mara moja, maana kipande kilichopotea hakiwezi kuombwa tena. Hili la mwisho ndilo ninalolihimiza zaidi.

Mamlaka husika ziweke sharti la kutumia kiungo hiki cha mwelekeo mmoja katika zabuni za mitambo mipya.

Msomaji wako,
Fundi wa mitandao