Samaki wakiozea frizani, hasara isiwe ya muuzaji peke yake

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wako nieleze jambo ambalo sisi wafanyabiashara wadogo hulizungumza kila umeme unapozimika, ukisharudi tukanyamaza.

Nauza samaki nyumbani kwangu, Jang'ombe, hapa Unguja. Nanunua mnadani Malindi, nakata, nafunga mifukoni, natia frizani. Mwezi uliopita umeme ulizimika Ijumaa saa nne usiku, ukarudi Jumapili baada ya adhuhuri. Jumamosi kutwa sikuifungua friza hata mara moja, nikaifunika mablanketi mawili baridi isitoke. Jumapili alfajiri nikaona maji mekundu yanachuruzika sakafuni. Nilipoinua mfuniko, nguru walikuwa wamelegea, ukiwabonyeza kidole kinaacha shimo, na pweza wameshaanza kunuka. Kilo 26 nilizifukia nyuma ya nyumba. Kilo 10 katika hizo alikwishanilipa mama mmoja kwa khitma ya mumewe. Fedha zake nilimrudishia siku ile ile, maana haki ya mjane siwezi kuila.

Nilipokwenda kuuliza ofisi ya umeme nilijibiwa kwa upole kabisa kwamba hitilafu ni hitilafu, na fomu ya madai hakuna.

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike. Sisi wa tukuza, yaani mita za kununua uniti, tunalipa kabla ya kutumia. Uniti zikimalizika usiku wa manane mita inakata papo hapo, hata kama ndani kuna mgonjwa. Basi mteja aliyekwisha kulipa akikaa gizani karibu saa 40 bila ya tangazo lolote, kwa nini asipate chochote?

Wenzetu wameshaweka kanuni. Uingereza, mteja akikosa umeme kwa saa 12 hali ya hewa ikiwa ya kawaida, analipwa kiasi kilichopangwa. Uswidi walitunga sheria ya fidia baada ya dhoruba kubwa ya Januari 2005. Hatuna fedha kama zao, najua, wala siombi walicholipana wao. Naomba ziwepo saa zinazojulikana, zikishapita mteja awe na haki yake. Wanaoendesha laini wanajua ilizimika saa ngapi na ikawashwa saa ngapi. Fidia yenyewe inaweza kuja kwa uniti: zile namba 20 tunazobonyeza kwenye mita tuletewe kwa simu, mtu asipange foleni wala asiombe. Mwenye hasara kubwa, kama ya friza au mashine iliyoungua, awe na mahali pa kupeleka risiti zake na ajibiwe kwa maandishi.

Wapo watakaosema umeme wetu unatoka bara, kwa waya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na kosa la huko halimhusu anayetuuzia hapa. Nakumbuka vizuri giza la 2008, na lile la Disemba 2009 hadi Machi 2010, tulipobeba ndoo za maji miezi mitatu kwa sababu pampu zilisimama. Baada ya hapo, mwaka 2013, tukapata waya wa pili wa megawati 100, alhamdulillahi. Lakini mimi sina mkataba na mtu wa bara. Fedha yangu inapokelewa hapa hapa Unguja, na aliyeipokea ndiye wa kunijibu. Yeye naye amdai aliyemuuzia.

Naiomba ZURA, mdhibiti wetu wa maji na nishati, iweke kiwango hicho, na matengenezo yaliyotangazwa mapema yasihesabiwe. Mvua za masika zikikaribia tena, tuwe tunajua tunadai nini na wapi.

Friza bado naiwasha, ila siku hizi natia kilo tano tu, za kuuzika siku ile ile.

Muuza samaki,
Jang'ombe, Unguja