Namba za malipo ziwekewe tarakimu ya kuhakiki

Mhariri,

Mimi ni wakala wa fedha za simu hapa Morogoro, na umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, pia nauza. Wiki mbili zilizopita alikuja mama mmoja kumtumia binti yake shilingi 85,000 za ada. Namba ilikuwa kwenye kipande cha daftari kilichokunjwa mara nne, na pale kwenye mkunjo 9 ilififia, nikaisoma 0. Jina lililotokea hatukulijua. Lakini laini ya binti ilisajiliwa na mtu mwingine, basi mama akasema, "Tuma tu, mwanangu." Hadi tunawapata huduma kwa wateja, hela ilishatolewa.

Jioni yake kijana mmoja akarudi analalamika mita imekataa umeme wake. Tukazipitia tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita, mojamoja, kumbe alikosea moja. Akaingiza upya, taa zikawaka. Ndani ya zile tarakimu 20 mna hesabu ya kuhakiki, ndiyo maana mita ikajua. Namba ya simu haina hesabu hiyo: ukikosea tarakimu moja, umeingia kwa mtu mwingine.

Dawa yake ni ya zamani. Hans Peter Luhn wa kampuni ya kompyuta ya IBM aliiombea hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1954. Chukua 481. Anzia kulia, zidisha kwa mbili moja, ruka moja. Ikizidi 9, toa 9. 1 inakuwa 2, 8 inabaki, 4 inakuwa 8. Jumla 18. Jumla lazima iishie na sifuri; ili ifike 20 inatakiwa 2, basi unaandika 4812. Mtu akibonyeza 4312, au akipindua ikawa 8412, jumla pamoja na ile 2 inakuja 15, na mashine inakataa kabla hela haijatoka. Bonyeza *#06# kwenye simu yako: tarakimu ya 15 ya IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu yenyewe, inafanya kazi hiyohiyo.

Namba za simu tulizonazo hazibadilishiki leo, hilo naelewa. Ila kila namba mpya ya malipo, iwe ya shule, ya duka au ya kikundi cha akina mama, inaweza kuongezwa tarakimu moja tu mwishoni. Nawaomba wanaosimamia mawasiliano na mabenki walifanye hili kuwa sharti.

Yule mama nimempa 40,000 kutoka kwenye mtaji wangu, maana vidole vilivyokosea ni vyangu. Zilizobaki nitammalizia mwisho wa mwezi.

Wakala wa fedha za simu,
Morogoro