Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Matumizi ya Plazima katika Upandikizaji wa Kano za Wanyama

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji, naomba kuwasilisha taarifa ya mwaka huu. Semina, mafunzo ya upasuaji na ukaguzi wa mabanda ya wanyama vilifanyika kama mlivyoarifiwa, nami sitavirudia.

Lililozua mjadala ni uamuzi wangu, ulioungwa mkono na kamati, wa kutopitisha mwongozo uliotaka plazima yenye chembe sahani nyingi (yaani majimaji ya damu yaliyokolezwa chembe ndogo zinazogandisha damu) itumike kwa kila kano linalopandikizwa. Wapo walionishutumu kwamba ninazuia maendeleo, hivyo ninawajibika kujieleza.

Hakuna anayebisha kwamba chembe sahani hubeba vichocheo vya ukuaji, ambavyo huita seli za uponaji na kuotesha mishipa midogo ya damu. Kano likishapitishwa kwenye tundu la mfupa, seli zake nyingi hufa kwanza, kisha mishipa mipya huingia na nyuzi za kolajeni, protini inayolipa kano nguvu, hujipanga upya, na katika wiki hizo za mwanzo kipandikizi huwa dhaifu mno. Hapo ndipo plazima ilipotarajiwa kusaidia. Hata hivyo, majaribio ya nguruwe yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba plazima peke yake haikutosha kuimarisha ligamenti ya goti (ukanda unaounganisha mfupa na mfupa) iliyoshonwa, kwa kuwa ute wa kiungo huyeyusha bonge la damu kabla halijafanya kazi yake; chembe sahani zilipobebwa ndani ya kolajeni, matokeo yalikuwa bora zaidi.

Isitoshe, jina moja linafunika dawa nyingi tofauti. Tazameni mrija unapotoka kwenye mashine ya kuzungushia damu: chini ni chembe nyekundu, juu ni plazima ya manjano, na katikati ni utando mwembamba mweupe. Mkono wa fundi ukishuka kidogo tu ndani ya utando huo, chembe nyeupe huingia kwa wingi na zinaweza kuongeza uvimbe. Sungura wa kilo 3 ana takriban mililita 170 za damu. Asilimia 10, ambayo ni kikomo cha kawaida cha kuchota kwa mara moja, ni mililita 17, nazo zikikolezwa mara 3 hadi 5 hubaki mililita chache tu. Je, tupoteze damu hiyo bila hata kuhesabu chembe zilizomo? Kwa sababu hiyo nilisimamia mwenyewe uandishi wa sharti kwamba kila mwanachama ahesabu chembe sahani na chembe nyeupe za kila dozi, na kipandikizi kipimwe kwa kuvutwa hadi kikatike, badala ya kutegemea picha za hadubini pekee. Ninaamini kwa dhati kwamba sharti hilo linalinda wanyama wetu na heshima ya chama.

Inasikitisha kwamba wengi wa wanaolipinga hawakuhudhuria kikao kilicholijadili, na baadhi yao wanadaiwa ada tangu mwaka juzi. Mashine ya kuhesabia chembe, ambayo wote wanaitaka, haitanunuliwa kwa malalamiko.

Mwaka ujao tunatarajia, hali ikiruhusu, kuanza majaribio ya pamoja ya plazima ndani ya kolajeni. Mweka hazina anaendelea kupokea ada.