Ukungu hatuutukani, kwa nini tumtukane mhudumu wa ndege?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililonikaa kooni tangu Jumanne ya wiki mbili zilizopita. Mimi ni muuguzi mstaafu, naishi Uyole hapa Mbeya. Nilifanya kazi hospitali kwa miaka 32, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo nilikuwa chumba cha upasuaji, sisi tukiita thieta.

Siku hiyo nilikuwa nakwenda Dar es Salaam, kliniki ya macho. Mtu wa Uyole mwenye ndege ya asubuhi anaamka saa tisa usiku, maana kufika uwanja wa Songwe lazima aukate mji mzima, Mwanjelwa, Mafiati, Iyunga, kisha ashuke Iwambi nyuma ya malori yaendayo Tunduma. Lori moja likikwama mlimani, safari imeishia hapo. Mimi nilifika salama. Hata ukungu, ambao miezi hii ya baridi ndio mwenye uwanja, asubuhi hiyo haukuwapo.

Nilipangiwa kiti safu ya pili kutoka nyuma, upande wa njia. Abiria tulishaketi, mikanda tumefunga. Kule nyuma wanakoandalia chai alisimama binti mmoja mhudumu, rika la kitinda mimba wangu. Nikamwona ameinua uso, ananusa, kama mama anayesikia harufu ya kuungua asijue ni jikoni kwake au kwa jirani. Akafungua kabati, akafunga. Akaweka kiganja ukutani juu ya kabati, akakiacha pale, akakisogeza chini kidogo, akakiacha tena. Mkono wa namna ile naufahamu, ndivyo tunavyopapasa tumbo la mgonjwa. Akamwita mwenzake. Mwenzake akanusa, akatikisa kichwa. Binti akarudi kwenye simu ya ukutani, akaishika bila kuiinua. Alikaa hivyo muda ambao mimi niliuona mrefu. Kisha akainua.

Kapteni alikuja mwenyewe, naye akanusa. Tukaambiwa tushuke na mabegi yetu ya mkononi ili mafundi wakague. Tulisubiri saa mbili na dakika kumi. Baadaye tukaambiwa wamefungua, wamemulika, wamepima, na hawakuona kitu.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Tulipokuwa tunapanda tena, habari ilishaenea foleni nzima kwamba aliyesababisha yote ni "yule msichana wa nyuma". Mmoja akasema hawa wanaajiriwa kwa sura. Mwingine akasema amezoea kugawa karanga, sasa anajifanya fundi. Bwana mmoja wa suti, aliyekosa kikao chake, alisimama mbele ya binti akamwuliza kwa sauti, "Kwa hiyo ulikuwa unanusa nini, dada?" Watu wakacheka. Binti akajibu, "Karibu, baba." Macho yalikuwa mekundu. Nyuma ya bwana yule nilikuwa mimi. Kliniki niliyoisubiri miezi miwili ilikuwa imeshanipita, na moyoni nilikuwa na hasira kama wengine. Nilipita nikiangalia viatu vyangu.

Watu wa Songwe tumezoea kuchelewa. Ukungu ukitanda, ndege inazunguka juu, inaweza kurudi ilikotoka, sisi tunanunua chai na kupiga simu nyumbani. Sijawahi kumsikia mtu akiutukana ukungu. Lakini binadamu akituchelewesha kwa sababu amehofia roho zetu, tunamsemea mbovu mbele za watu. Na kosa lake ni nini? Kwamba hofu yake haikuwa na moto ndani yake.

Mwaka 1993 nilikuwa bado mgeni thieta, katika hospitali nisiyoitaja. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu gozi, vile vitambaa vya kufyonza damu, kabla daktari hajafunga tumbo. Siku moja nikapata pungufu moja. Nikasema. Daktari akasimamisha kazi, tukatafuta, mgonjwa amelala wazi. Ikaonekana chini ya ndoo, imenaswa na gurudumu. Daktari hakunipiga wala hakunifukuza. Alisema tu, mbele ya wote, "Sista, umenipotezea dakika 12." Wenzangu wakacheka kidogo, kama walivyocheka wale abiria.

Kicheko kile kilifanya kazi yake. Miezi michache baadaye hesabu ikanikanganya tena. Sikuwa na uhakika. Nikatazama saa, nikamtazama daktari, nikakumbuka zile dakika 12. Nikasema, "Zimetimia." Yule mama alirudi siku ya kumi na moja, tumbo limevimba, ana homa kali. Alifunguliwa tena na Mungu akamsaidia akapona. Lakini mimi niliiona ile gozi ilipotolewa, na nilijua nani aliiacha mle. Ndiyo maana nasema bwana yule wa suti hakumwuliza binti swali. Alikuwa anamfundisha namna ya kunyamaza siku nyingine.

Jambo hili lina historia yake angani pia. Tarehe 10 Machi 1989, kule Dryden nchini Kanada, ndege aina ya Fokker ilijiandaa kuruka huku theluji ikianguka na kuganda juu ya mabawa. Theluji ikiganda kwenye bawa inaliharibia umbo, na bawa linapoteza nguvu ya kuinua ndege. Abiria waliiona. Mhudumu aliiona. Miongoni mwa abiria walikuwamo marubani wawili wasiokuwa kazini, na wao waliiona. Hakuna aliyekwenda kumwambia kapteni. Ndege iliruka ikaangukia msituni karibu tu na uwanja, na kati ya watu 69 walikufa 24, wakiwemo marubani wote wawili. Mhudumu mmoja alinusurika. Mbele ya tume ya Jaji Virgil Moshansky alieleza kwamba hakuwa amezoeshwa kuwapelekea marubani mambo ya aina hiyo, wala hakuona kama yangepokelewa. Miezi miwili kabla ya hapo, Kegworth, Uingereza, kapteni aliwatangazia abiria kwamba injini ya kulia ina hitilafu na ameizima. Watu waliokaa nyuma walikuwa wameona cheche zikitoka injini ya kushoto. Wakafikiri rubani anajua zaidi. Wakafa watu 47.

Rubani wa ndege kubwa hawezi kuona mkia wake, wala hanusi kinachonuka kule nyuma. Macho na pua zake ni wale vijana tunaowaita wa kugawa karanga. Chai ni kazi yao ndogo. Waliajiriwa kwa sababu kanuni zinataka mtengenezaji athibitishe kwamba ndege iliyojaa inaweza kuwa tupu kwa sekunde 90, nusu ya milango ikiwa haitumiki, na hilo haliwezekani bila wao. Pale Haneda, Tokyo, tarehe 2 Januari 2024, ndege iliwaka moto ikiwa kwenye njia ya kurukia na watu wote 379 waliokuwamo wakatoka hai. Mawasiliano na marubani yalikuwa yamekatika, na mhudumu wa mlango wa nyuma aliufungua kwa uamuzi wake mwenyewe alipoona upande ule hauna moto. Na sisi Watanzania, tangu ndege ilipoangukia ziwani kule Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, ndugu zetu 19 wakabaki humo, hatuna tena haki ya kuuliza mhudumu anajua nini.

Wapo watakaosema kampuni zenyewe zitawalinda. Sina hakika. Julai 2014, huko San Francisco, wahudumu 13 wa United Airlines walikataa kuruka kwenda Hong Kong baada ya kuonekana maneno ya kuaga na sura mbili zimechorwa kwenye mafuta yaliyochafua sehemu ya mkia wa ndege. Ilikuwa miezi minne tu tangu ndege ya Malaysia ipotee na watu wake wote. Waliomba abiria washushwe na ndege ipekuliwe upya. Kampuni ikasema ndege ni salama, wao wakashikilia msimamo, safari ikafutwa, na wote 13 wakafukuzwa kazi kwa kukaidi amri. Mtu anaweza kubishana kama hofu yao ilikuwa na msingi. Mimi nawawaza wahudumu waliobaki kazini, kesho yake asubuhi, wakiona kitu wasichokielewa.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza naliweka kwa makapteni. Kanuni za kimataifa zinampa kapteni neno la mwisho juu ya ndege yake. Mhudumu hasimamishi safari, anatoa taarifa, anayeamua ni kapteni. Basi kapteni na alitamke hilo kwenye kipaza sauti: "Nimeletewa taarifa, na mimi ndiye niliyeamua tukague." Sisi tulitangaziwa "sababu za kiufundi" tu, na pale penye ukimya abiria wakajitafutia wa kumlaumu. Sentensi moja ya kapteni ingembeba yule binti.

La pili ni la Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kiambatisho cha 19 cha shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kilichoanza kutumika mwaka 2013, kinazitaka nchi wanachama ziwe na utaratibu wa watu kutoa taarifa za usalama kwa hiari bila kuadhibiwa kwa taarifa hizo. Sisi abiria tuelezwe utaratibu huo kwa Kiswahili, pale pale tunapokalia viti vya kusubiri, ili tujue mhudumu anapoinua simu anatimiza kazi aliyotumwa.

Hospitalini tulibadilika. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya upasuaji salama mwaka 2008, na ilipotufikia, kila aliyemo thieta alitakiwa ataje jina na kazi yake kabla ya kisu, na muuguzi aseme hesabu yake kwa sauti kabla mgonjwa hajatoka. Mara ya kwanza daktari mkubwa aliponigeukia akauliza, "Sista, hesabu?", akanyamaza kusubiri jibu langu, mikono yangu ilitetemeka. Nilisema, "Bado moja." Tukatafuta, tukakuta nimekosea kuhesabu. Akasema, "Sawa, tuendelee," akaomba uzi.

Binti, kama unasoma gazeti hili, mimi ni yule mama wa kitenge cha bluu aliyekaa karibu na jiko lako. Nimepangiwa tena kliniki mwezi ujao, na nitapanda ndege asubuhi ileile. Nikikukuta mlangoni nitakuambia kwa mdomo wangu. Nisipokukuta, basi hili ndilo nililopaswa kukuambia siku ile nilipopita mbele yako nimeinamisha kichwa: ndaga fijo, asante sana, mwanangu.

Muuguzi mstaafu,
Uyole, Mbeya