Barua kwa mwanangu: jiko lilale nje

Muheza, mwanzoni mwa Juni

Mwanangu,

Assalaam aleykum. Sisi huku wazima, baba yako mzima, bibi yako mzima ila goti lake. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu kila nikikuuliza unanijibu "sawa mama, nimeelewa", kisha mtandao unakata, nami nabaki na yale maneno yako: kwamba huko Njombe, jioni wewe na mwenzako wa chumba mnaliingiza jiko la mkaa ndani "kidogo tu, chumba kipate joto". Hiyo "kidogo" ndiyo iliyoninyima usingizi tangu redio iliposema tena habari za watu waliolala na jiko la mkaa wasiamke. Baridi ya Nyanda za Juu Kusini ikianza, habari hizi hurudi. Na wanaokufa si wajinga. Ni watu waliouona mkaa umekolea, moshi umekwisha, wakasema sasa hauna madhara.

Moshi unauona, unakuwasha macho, unakufukuza wenyewe. Kinachoua ni hewa ya kaboni monoksaidi, na hiyo haina rangi, haina harufu, haiwashi koo. Mkaa mwekundu usio na moshi unaitoa kwa wingi, na hewa safi ikianza kupungua chumbani unazidi kuitoa. Hata ukifunikwa na jivu ukaonekana umezimika, chini bado unawaka. Ukiivuta inaingia kwenye damu na kukaa pale pale ambapo ingekaa oksijeni, na inang'ang'ania zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Mtu anapumua, kifua kinapanda na kushuka, lakini ubongo na moyo havipati kitu.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea. Ukiwa macho utasema ni mafua, au malaria imekupanda. Ukiwa umelala huzisikii, usingizi unazidi tu kuwa mzito. Sisi wauguzi tunauliza hivi: mliolala chumba kimoja, wote mnaumwa kichwa? Mkikaa nje kinapungua? Jibu likiwa ndiyo, swali linalofuata ni jiko lilikuwa wapi. Sasa nakuuliza wewe, baba: juzi uliposema umeamka na kichwa kizito, jiko lilikuwa wapi?

Usiniambie dirisha mnaliacha wazi kidogo. Saa mbili usiku mnaliacha, saa nne baridi ikizidi mnalifunga wenyewe, na nguo mnaziba chini ya mlango. Wala usinitolee mfano wa hapa nyumbani, kwamba tunapika kwa mkaa miaka yote na hakuna aliyezimia. Jiko letu liko uani, na nyumba yenyewe haina dari. Kati ya ukuta na bati mkono unapita. Hewa huku inaingia hata tusipoitaka. Hicho chumba chako kina dari ya jipsamu na dirisha la kioo la aluminiamu. Ni kopo lenye mfuniko. Pengine ndiyo maana hukukua ukiliogopa jiko, hapa hatukukupa sababu ya kuliogopa.

Na huyo mwenzako asikudanganye na beseni la maji pembeni ya jiko. Hewa hiyo haiyeyuki kwenye maji kiasi cha kukuokoa. Kitunguu kilichokatwa hakifanyi kitu, chumvi juu ya makaa haifanyi kitu. Pia kuliingiza "mpaka kipate joto halafu tulitoe" sikubaliani nako, kwa sababu ukifungua mlango kulitoa, joto lote linatoka nalo. Kwa hiyo hamtalitoa. Mtasema ngoja kidogo, na katika kungoja mtalala.

Fanya hivi. Pika nje au barazani. Ukimaliza, chota makaa kwa koleo la chuma, uyatie kwenye debe au kopo la rangi la bati lenye mfuniko unaobana, ufunike, uliache huko huko nje juu ya tofali. Lisikae juu ya ubao wala karibu na ndoo ya plastiki. Makaa yakikosa hewa yanazimika, na kesho yake mkaa huo huo unashika moto upesi, hivyo hupotezi kitu. Usiyamwagie maji yakiwa ndani ya jiko: mvuke unaunguza mkono, na udongo wa ndani unapasuka. Usiyamwage jalalani yakiwa moto, watoto wa watu wanapita pekupeku.

Halafu korido. Ulisema jirani analiweka jiko lake koridoni usiku. Hewa ya koridoni inaingia chini ya mlango wako hata kama wewe huna jiko. Mwambie, na asiposikia mwambie mwenye nyumba, kwa adabu, lakini mwambie. Wewe upole umeurithi kwa baba yako, unaona haya kumsumbua mtu. Msumbue.

Ikitokea umemkuta mtu chumbani haamki, usipige magoti hapo hapo kumchunguza, utalala naye. Fungua mlango na dirisha, mshike makwapani, mburute hadi nje kabisa. Huko ndiko utazame kama anapumua. Anapumua, mlaze ubavu. Hapumui, mkandamize kifua katikati kwa nguvu na kwa haraka, huku mwingine anatafuta gari. Usimnyweshe maziwa. Wengi hukimbilia maziwa kwa kila sumu, lakini hii haiko tumboni, na mtu aliyezimia ukimnywesha yanaingia mapafuni. Hata akiamka na kusema yuko sawa, apelekwe hospitali awekewe oksijeni. Kwa hewa ya kawaida, saa 4 hadi 5 zinapita ndipo nusu ya sumu itoke kwenye damu. Kwa barakoa ya oksijeni inachukua kama saa moja na nusu. Na mkifika mapokezi, kabla ya jina lake semeni "alilala na jiko la mkaa", kwa sababu kile kifaa cha kubana kidoleni, cha kupima oksijeni, hakitofautishi oksijeni na sumu hii kwenye damu. Kitaandika 98 na mgonjwa anakufa.

Umeniambia mwisho wa mwezi unanunua mtungi wa gesi wa kilo 6. Nunua, nimefurahi. Ukiubadilisha dukani, kagua kile kimpira cha ndani pale jiko linapofungwa. Kikiwa kimekauka au kina mpasuko, kataa. Ukishafunga, paka povu la sabuni kwenye maungio, ukiona mapovu yanakua gesi inavuja. Usipime kwa kiberiti, na sikwambii kwa sababu hujui, nakwambia kwa sababu una haraka. Gesi ni nzito kuliko hewa, inatulia chini sakafuni, kwa hiyo ukisikia harufu usiwashe wala usizime taa. Fungua mlango, toka. Na hiyo gesi nayo ni ya kupikia. Kuiwasha ili kuota moto ndani ya chumba kilichofungwa ni kurudi kule kule.

Joto tafuta kitandani. Baridi ya Njombe mnapambana nayo juu tu, kumbe inatoka chini. Godoro la sponji lililowekwa kwenye saruji linanyonya baridi na unyevu usiku kucha. Tandika maboksi mawili matatu yaliyokunjuliwa, juu yake mkeka, ndipo godoro, na blanketi moja liwe chini yako, si yote juu. Badilisha nguo za kazini kabla ya kulala, jasho la mchana lililokauka mwilini usiku linakuwa baridi. Usilale na njaa. Nimekununulia mpira wa maji ya moto: tia maji yaliyokwisha kutulia, si yanayochemka, yafike theluthi mbili, ubonyeze hewa itoke, ufunge, uupindue kuona kama unavuja, uuzungushie kanga. Uweke kitandani nusu saa kabla hujalala. Usitie maji ya moto kwenye chupa za soda, zinanywea na mfuniko unachomoka.

Hita ya umeme mambo yake wewe ndiye mwalimu wangu, ila hesabu nimeifanya: ya wati 2000 kwa saa 4 inakula yuniti 8, na zile yuniti 75 za mwezi za bei nafuu zinaisha siku ya 10. Na wewe uliyesomea umeme, nisisikie umeichomeka kwenye ekstensheni nyembamba ya dukani.

Hela uliyotuma imefika. Baba yako amemwambia kila mtu barazani kwamba mwanawe anavuta nyaya kwenye vijiji ambavyo havijawahi kuona taa. Mimi sikusema kitu, lakini furaha yangu inazidi yake. Ila baba, hela ya kututumia imepatikana na ya blanketi haikupatikana? Bati la jikoni tulilisema sana mbele yako, najua. Lingesubiri. Mwezi huu usitume.

Bati lenyewe limeshawekwa, sasa maji yanaanguka nje ya mfereji kwa sababu fundi aliuweka sawasawa bila kuuinamishia upande wa tangi. Atarudi Jumatano. Kuku wamechanjwa mdondo, tone moja jichoni, zamu nyingine ni baada ya miezi mitatu; wawili walikuwa wameshaanza kusinzia na kuharisha kijani, hao nimewatenga, chanjo haimfai aliyekwisha kuugua. Machungwa yameanza kukolea. Mchuuzi anataka kuyanunua yakiwa mtini na baba yako yuko tayari kupokea. Nimemwambia anayekadiria kwa macho anakadiria kwa faida yake. Wachague miti mitatu, mzuri, wa kati na mbaya, wahesabu kweli kweli, ndipo waseme bei ya shamba. Amenuna. Mpigie wewe, wewe anakusikia.

Bibi yako anakunywa dawa za presha siku anazojisikia vibaya tu, akipata nafuu anaziacha. Ukiongea naye mkumbushe ni za kila siku. Mdogo wako anasema ukija uje na viazi vya huko, na anaulizia ile simu yako ya zamani.

Mzigo nimeupeleka stendi leo. Basi ni la Mbeya, halifiki Njombe, kwa hiyo mzigo utashushwa Makambako; mtafute mtu anayepanda na kushuka huko au uende mwenyewe Jumamosi. Nimeandika jina lako na namba kwa maka penu pande mbili za mfuko. Risiti nimeipiga picha nakutumia, bila risiti hawakupi. Ndani kuna mablanketi mawili, mpira wa maji, na soksi za sufu jozi nne. Za kijivu ni za mwenzako, usimnyime.

Mama yako