Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wazazi

Ndugu wazazi na walezi wenzangu, asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe.

Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina. Uzio umekamilika na fundi hatudai. Muda wangu nautumia kwa jambo lililotugawa mwaka huu: vitabu vya maktaba.

Lilianza na picha kwenye grupu la WhatsApp. Mzazi alikuta kwenye rafu ya darasa la tano kitabu chenye michoro ya watu wazima wakifanya tendo la ndoa. Nilikishika mwenyewe. Hakikuwa na muhuri wa maktaba wala hakikuandikwa kwenye rejista. Kilikuja kwenye boksi la msaada, na aliyelifungua alipanga vitabu kwa kuangalia majalada tu. Tulikiondoa siku ileile, na kilistahili kuondolewa. Mtoto wa miaka kumi hana la kufanya na kitabu kile.

Kesho yake ikaja orodha, imezungushwa grupu hadi grupu, tukiambiwa vyote vilivyomo vitolewe. Kwenye kikao cha kamati niliuliza nani amesoma hata kimoja. Kimya. Na ndani ya orodha hiyo kilikuwemo kitabu cha balehe, chenye mchoro wa mfuko wa uzazi na maelezo ya hedhi, ambacho mwalimu wa malezi huwasomea wasichana wa darasa la sita.

Februari 2023 Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alipiga marufuku vitabu 16 mashuleni, ukiwemo mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, na wengi wetu tulipekua mabegi ya watoto. Agizo lile lilitoka wizarani, linajulikana nani kalitoa na kwa nini. Orodha ya grupu haina mwenyewe.

Wenzetu Marekani wamegombana kwa haya miaka mingi. Huko Island Trees, New York, wajumbe wa bodi ya shule walirudi kutoka mkutanoni na orodha ya vitabu vilivyosemwa havifai, wakaagiza vilivyokuwa shuleni viondolewe. Baadaye waliunda kamati ya wazazi na watumishi wa shule ivisome, kisha wakayaweka kando mapendekezo yake mengi. Wanafunzi walienda mahakamani, na kesi ikafika Mahakama ya Juu mwaka 1982, ambako majaji nao waligawanyika. Kinachoniuma ni ile kamati: watu walisoma, hawakusikilizwa.

Kwa hiyo kwetu tulikubaliana kwamba kitabu kikilalamikiwa, wazazi wawili wakisome mwanzo hadi mwisho, mmoja anayekipinga na mmoja anayekitetea, ndipo kamati iamue. Wajumbe wawili walijitoa kwa sababu hiyo. Nawaheshimu, lakini sikubadili msimamo.

Cha balehe alikichukua baba mmoja wa Mbagala, mpinzani wake mkubwa, anayelea binti peke yake tangu afiwe na mkewe. Alitueleza kwamba kwa miezi kadhaa binti alikuwa akikata vipande vya kanga za marehemu mama yake na kuvificha chini ya godoro, naye baba hakujua ni vya nini. Hakukirudisha kitabu siku ile. Aliomba akae nacho wiki moja zaidi.

Kitabu kimebaki maktaba, rafu ya darasa la sita na la saba.

Maboksi matatu ya msaada bado hayajafunguliwa, yako ofisi ya mkutubi. Natafuta wasomaji wanane. Mwenye nafasi ampe katibu jina lake kabla hatujatoka hapa ukumbini.