Barua kwa Saidi kabla hajasaini

Saidi ndugu yangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, watoto wana mafua tu. Najua nimekaa kimya, utanisema tukionana. Leo naandika kwa sababu shemeji ameniambia mnasaini kununua ile nyumba wiki ijayo, na kwamba upande wa pili wa nyumba umeshamwahidi Idi. Idi! Kwa dola 1,000 kwa mwezi!

Nyumba yenyewe sina neno nayo. Kununua nyumba ya familia mbili, ukae huku, mpangaji kule, na kodi yake ikupunguzie mzigo wa mkopo, huo ni mpango wa mtu mwenye akili. Kwa mkopo wa FHA, ule unaodhaminiwa na serikali ya Marekani, unatoa asilimia 3.5 tu: nyumba ya dola 400,000, kianzio 14,000. Asiyekaa humo anaweza kudaiwa hata robo ya bei. Lakini wamekueleza habari ya bima ya mkopo, ile unayolipa wewe ila inamlinda mkopeshaji? Asilimia 1.75 ya mkopo mwanzoni, halafu nyingine kila mwaka, na kwa kianzio kidogo kama chako haiondoki maisha yote ya mkopo huo. Ulizia pia mkopo wa kawaida, usio wa FHA, wa kianzio cha asilimia 5. Tangu mwishoni mwa 2023 Fannie Mae, wale wanaonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa mabenki, wanaukubali kwa nyumba kama hii, mradi mnunuzi akae mwenyewe, na bima yake inaweza kuondolewa deni likipungua vya kutosha.

Sasa Idi. Wewe mwenyewe ulisema kodi ya soko ya upande ule ni 1,800 kwa mwezi. Benki wakipima kipato chako huwa wanahesabu asilimia 75 tu ya kodi, yaani 1,350, kwa kuwa wanajua nyumba hukaa tupu na mabomba hupasuka. Ukiwapelekea mkataba wa Idi wa 1,000, watahesabu 750. Benki yenyewe haiiamini kodi nzima, wewe unaiaminije, tena ya Idi?

Halafu IRS, wale wakusanya kodi ya mapato wa serikali. Ukimpangisha mtu yeyote chini ya bei ya haki ya soko, siku zake zinahesabiwa kama unaitumia nyumba mwenyewe. Ule uchakavu wa nyumba, unaoupunguza kwenye mapato yanayotozwa kodi kidogo kidogo kwa miaka 27.5, uliokuwa ukinisimulia kwa furaha, pamoja na gharama nyingine za upande ule, unaweza kunyimwa sehemu yake. Yaani unampa Idi punguzo, na serikali inakukata kwa wema wako.

Na mengine hayamo kwenye hesabu. Mtatenganishwa na ukuta mmoja. Akichelewesha kodi miezi miwili utamtoa kwa mdomo gani, na mama yake ndiye aliyekupokea ulipofika Marekani? Mimi sisemi ni mtu mbaya, ni mcheshi, tunampenda, ila lile gari la Rashidi… basi, unalijua. Kama huna budi, aandikiwe mkataba kama mgeni, amana atoe, kodi ya soko. Ukitaka kumsaidia, msaidie kwa mfuko mwingine.

Ule utani wako wa kuhamia kwa dada na kupangisha pande zote mbili, usiurudie hata kwa dalali. Utasaini kwamba utahamia ndani ya siku 60 na kukaa angalau mwaka mmoja. Kudanganya hapo ni kosa la jinai, ndugu yangu, si ujanja wa mjini.

Nijibu haya kabla ya kusaini: mita za umeme na gesi ni mbili, au utakuwa unamlipia mpangaji joto la baridi nzima? Paa lina miaka mingapi? Nyumba ilijengwa kabla ya 1978? Kama ndiyo, ile fomu ya tahadhari ya rangi yenye madini ya risasi utampaje mpangaji, nawe mwenyewe hujui kuisoma? Upande ukikaa tupu miezi mitatu, mshahara wako peke yake unatosha? Shemeji anasemaje hasa? Na Idi, umeshampa ufunguo au bado?

Wako,
Bakari